Dola ya safari hukusanywa kama maji ya ndiva

MKULIMA wa Vudee, wilayani Same, hahitaji kufundishwa maana ya ndiva. Usiku mfereji hujaza bwawa hilo dogo. Asubuhi mlango wake hufunguliwa na maji kugawanywa mashambani kwa zamu. Anayeanza kutafuta maji jua likiwa la utosi huambulia udongo mkavu.

Kanuni hiyo inafaa pia kwa mtu anayejiandaa kusafiri nje ya nchi. Wapo wafanyabiashara wadogo wa milima ya Upare wanaofuata bidhaa Dubai au Guangzhou, wapo wanaokwenda Makka kuhiji, na wapo wanaompeleka mgonjwa India. Wengi hupanga nauli na viza mapema, lakini fedha za kigeni huziacha hadi wiki ya mwisho. Hapo ndipo akiba ya mavuno kadhaa inapovuja bila mwenyewe kujua.

Kutoka kibali hadi soko

Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kazi mwaka 1966, dola moja ya Marekani ilikuwa na thamani ya shilingi 7 na senti 14. Kwa miaka mingi baadaye, aliyetaka kusafiri aliomba kibali cha fedha za kigeni, na alichopewa kilikuwa kidogo. Walioshindwa walikwenda kwa walanguzi, ambako bei ilikuwa mara kadhaa ya ile ya serikali. Katikati ya mwaka 1986 shilingi ilishushwa thamani, kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola.

Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 ndiyo iliyofungua mlango kwa maduka ya kubadilishia fedha. Tangu hapo kibali hakihitajiki kwa safari ya kawaida, bali anayenunua hutakiwa kuonyesha kitambulisho au pasipoti. Hata hivyo, baada ya ukaguzi ulioanza Arusha Novemba 2018 na kuendelea Dar es Salaam na mikoa mingine mwaka 2019, maduka mengi yalifungwa. Kwa mtu wa Vudee, maana yake ni kwamba mlango wa karibu ni benki zilizopo Same mjini. Akitaka kulinganisha bei, hana budi kuulizia pia Moshi, Arusha au Dar es Salaam.

Tazama bei mbili, siyo moja

Kila ubao wa fedha za kigeni una bei mbili: ya kununulia na ya kuuzia. Msafiri anayetafuta dola hulipa bei ya kuuzia, ambayo ndiyo ya juu. Akirudi na dola zilizobaki, huziuza kwa bei ya chini. Pengo hilo ndilo faida ya duka au benki.

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayehitaji dola 3,000. Mahali pamoja dola inauzwa shilingi 2,690, pengine 2,650. Shilingi 40 zinaonekana ni chenji ya pipi, lakini zikizidishwa mara 3,000 zinakuwa shilingi 120,000. Fedha hiyo inatosha nauli ya basi kutoka Same hadi Dar es Salaam na kurudi, na nyingine ikabaki. Simu mbili au tatu za kuulizia bei zinaweza kuiokoa. Aanze kwa kutazama bei inayotangazwa na Benki Kuu kila siku ya kazi, ili ajue ni nani amepandisha kupita kiasi. Aulize pia kama kuna ada juu ya bei iliyoandikwa.

Nunua kwa mafungu

Kosa kubwa zaidi ni kununua zote siku moja. Septemba 2024 dola ilikuwa imepita shilingi 2,700. Desemba mwaka huohuo ikashuka hadi karibu 2,400. Aliyenunua dola 3,000 kwa mkupuo kwa shilingi 2,700 alitoa shilingi 8,100,000. Lau angenunua kwa mafungu matatu sawa, kwa shilingi 2,700, 2,550 na 2,400, angelipa 7,650,000 na kubakiwa na shilingi 450,000.

Ni kweli kwamba aliyesubiri hadi mwisho angelipa kidogo zaidi, lakini hakuna aliyejua kwamba bei itashuka. Katika miaka mingi shilingi imekuwa ikielekea upande mwingine. Mwaka 2005 dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,100 tu. Kununua kwa mafungu hakumpi mtu bei bora kuliko zote, bali humkinga na ile mbaya kuliko zote.

Msimu nao una neno. Dola huwa nyingi nchini katika nusu ya pili ya mwaka, watalii wanapofurika na mazao kama korosho, tumbaku na pamba yanapouzwa nje. Kuanzia kama Februari hadi Mei hupungua. Hija ya mwaka 2025 iliangukia mwanzoni mwa Juni, hivyo aliyengoja miezi ya mwisho alinunua wakati wa kiangazi cha dola. Mkulima anayeuza maharage yake na kuweka fungu la dola kabla ya mwaka kwisha huwa ametangulia.

Fungu hilo lisiwekwe chini ya godoro. Benki hufungua akaunti za dola kwa wananchi. La muhimu ni kuuliza kwanza makato ya mwezi, ya kuweka na ya kutoa noti.

Peleka fedha gani?

Anayekwenda Dubai au Makka hana haja ya kuhangaika kutafuta dirhamu au riyali huku nyumbani, ambako ni chache na pengo la bei ni pana. Dirhamu ya Emirati imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu 1997, na riyali ya Saudia kwa 3.75 tangu 1986. Akifika na dola hupata karibu kiwango hicho, mradi asibadilishe nyingi uwanja wa ndege, ambako bei mara nyingi huwa mbaya.

Anayekwenda China afahamu kwamba noti zinazozidi thamani ya dola 5,000 hutolewa taarifa forodhani anapoingia. Kwa Tanzania, anayebeba dola 10,000 au zaidi lazima aziandikishe mpakani. Kwa malipo makubwa ya bidhaa, kutuma kupitia benki ni salama kuliko kubeba bulungutu.

Mwenye kadi ya benki atoe fedha mara chache na kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa kila mara anapotoa hukatwa ada. Mashine ikimuuliza kama akatwe kwa shilingi au kwa fedha ya nchi ile, achague fedha ya nchi ile. Akichagua shilingi, mwenye mashine hujipangia bei yake mwenyewe.

Jihadhari na noti

Noti za dola 50 na 100 zilizo mpya na safi hupata bei nzuri kuliko ndogo, zilizochakaa au za zamani. Kwa hiyo anayenunua azikague kabla ya kuondoka dirishani. Noti ya 100 iliyoanza kutolewa Oktoba 2013 ina utepe wa buluu uliofumwa ndani ya karatasi, na tarakimu 100 ya pembeni hubadilika rangi ikiinamishwa.

Mlanguzi wa stendi anayeahidi bei ya kutupwa hana leseni wala risiti. Noti ikiwa bandia, hakuna wa kumrudia, na aliyekamatwa nayo ugenini ndiye mwenye kesi. Rahisi ni ghali, walisema wahenga.

Kwa msafiri wa mwakani, kazi inaanza na mavuno ya sasa: kujua kiasi kinachohitajika, kukigawa mafungu, kulinganisha bei na kudai risiti. Ndiva haijai kwa mvua ya siku moja.