Bakteria kwenye mkojo: si kila mwenye sonda ni wa kupewa antibiotiki

Majibu ya labo yakisema mkojo una bakteria, ni rahisi familia kukimbilia duka la dawa. Kwa mgonjwa wa Butembo au Beni aliyewekewa mpira wa mkojo, yaani sonda, mara nyingi huko ni kutupa pesa.

Kila siku mpira unapokaa kibofuni, uwezekano wa bakteria kuota mkojoni huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Ukitimiza mwezi, karibu kila mgonjwa anao. Bakteria hao hupanda kwa ndani na nje ya mpira, kisha hujijengea utando unaowakinga. Antibiotiki huwapunguza kwa muda, halafu wanaorudi ni wale sugu. Wengi wenye bakteria hao hawaumwi, na asiyeumwa hatibiwi, isipokuwa mjamzito au anayesubiri upasuaji wa njia ya mkojo.

Wachache ndio hupatwa na homa, kutetemeka na maumivu ya kiuno. Bakteria wakishaingia kwenye damu, wanaweza kuua. Hapo dawa ni lazima, na mpira uliokaa zaidi ya wiki 2 ubadilishwe kwanza, mkojo wa kupimwa utoke kwenye mpya. Mkojo uliokusanyika kwenye mfuko wa sonda usipelekwe labo.

Wapo wanaouhitaji mpira kweli. Mama aliyeshonwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, baada ya uzazi mgumu hawezi kuukwepa. Hata hivyo, mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba fistula nyepesi ikishashonwa, siku 7 hadi 10 zinatosha.

Mpira ukibaki, usafi ndio kinga. Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287, hasa Kivu Kaskazini na Ituri, ilileta ndoo za maji ya klorini kwenye milango ya hospitali. Lakini ndugu aliyenawa mlangoni ndiye humwaga mfuko wa mkojo wodini, na hapo kunawa husahaulika. Mtazame pia mgonjwa anayesukumwa kwenda kupigwa picha: mfuko umelazwa tumboni mwake, mkojo wa zamani unarudi kibofuni. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu, na mrija unaounganisha mpira na mfuko usichomolewe ovyo.

Wewe unayemlinda mgonjwa, kila asubuhi muulize muuguzi kama mpira bado una kazi. Kama hauna, omba utolewe siku hiyohiyo.