Muuguzi Aliyepewa Kalamu

Shifaa na shufaa zinatofautiana kwa irabu moja tu. Ya kwanza ni uponyaji. Ya pili ni maombezi: kumsimamia mtu asiyeweza kujitetea. Waliouita utunzaji wa mgonjwa asiyepona "tiba shufaa" walichagua vizuri, kwa kuwa mgonjwa huyo hahitaji ahadi ya kupona. Anahitaji wakili mbele ya maumivu.

Wakili huyo awe na cheo gani? Linasikika kama swali la makarani, lakini kuna watu waliokufa wakipiga kelele kwa sababu ya jibu lake.

Uingereza ilijibu kwa kuzunguka. Cicely Saunders alikuwa muuguzi wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgongo ukamshinda, akahamia kazi ya ustawi wa jamii hospitalini. Alipotaka kushughulikia maumivu ya wanaokaribia kufa, daktari mmoja wa upasuaji alimshauri akasome udaktari kwanza, la sivyo hatasikilizwa. Akaingia darasani akiwa na miaka 33, akahitimu mwaka 1957, na miaka 10 baadaye akafungua St Christopher's, hospisi ya kuwatunza wagonjwa hao, kusini mwa London. Yaani yale aliyoyaona kwa macho ya muuguzi hayakuwa na uzito mpaka ayaseme kwa kinywa cha daktari.

Uganda ilikata njia ya mkato, na mimi naiona ya busara zaidi. Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyebobea katika tiba ya wazee, alifika Kampala mwaka 1993 baada ya kufanya kazi Singapore na Nairobi. Fedha alizokuwa nazo zilitosha miezi mitatu. Hospice Africa Uganda aliyoianzisha ilitegemea unga wa morfini uliokorogwa kwenye maji na kutiwa rangi ili chupa zisichanganywe. Ya kijani ndiyo hafifu. Ni dawa ya bei nafuu, mgonjwa anainywa akiwa kitandani kwake. Kilichokosekana ni mtu wa kuiandika. Sheria ilimtaka daktari, na kijijini daktari ni mtu wa kusubiriwa.

Mwaka 2004 kanuni zikabadilishwa: muuguzi au ofisa tabibu aliyesomea fani hii akaruhusiwa kuandika morfini mwenyewe. Kozi yenyewe ni ya miezi tisa, na chuo kilichokua ndani ya hospisi hiyo sasa kinafundisha hadi shahada ya uzamili. Kwetu shahada ya pili aghalabu ni ngazi ya cheo na posho. Kozi hii inafungua chupa.

Na wanafundishwa nini? Kwamba dozi hutolewa kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi. Kwamba dawa ya kulainisha choo iende sambamba, kwa sababu morfini hufunga tumbo. Kwamba mzee aanziwe kidogo, figo zake hazina kasi ya zamani. Kwamba jamaa wataogopa mgonjwa asije akageuka teja, na hofu hiyo haiondolewi kwa kukaripia. Mzee aliyepoteza kumbukumbu naye hasemi anapoumwa. Husomwa usoni, katika mguno, katika mkono unaokataa kugeuzwa.

Hata anayesema, hasemi. Mtu anaingia chumbani, anaamkia: "Shikamoo, bibi. Unaumwa wapi?"

"Marahaba. Uzee tu, mjukuu wangu."

Hapo mwanafunzi asiyeiva hufunga daftari. Aliyeiva huvuta kigoda, anauliza kuhusu jana usiku: ulilala ubavu upi, uliamka mara ngapi, chooni ulikwenda na nani? Saunders alishasema kwamba maumivu ya mtu huyu ni ya mwili, ya moyo, ya familia na ya imani kwa pamoja, na hakuna kipimo cha damu kitakachoyatenganisha. Ndiyo maana somo hili lina sehemu kubwa ya kwenda majumbani. Wanaofikiwa bado ni wachache: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa, kati ya wote duniani wanaohitaji huduma hii, ni asilimia 14 tu wanaoipata.

Kuna kipengele kimoja cha mafunzo hayo ninachokipenda kuliko vyote. Dozi ya mwisho, ile ya kulalia, huongezwa maradufu ili ile ya usiku wa manane isihitajike. Mgonjwa anafika alfajiri bila kuamshwa. Binti yake aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda, naye pia.