Lori Kongwe Likitetemeka

Ndugu wanachama,

Karafuu mbichi zikilala njiani ndani ya magunia huchemka, zikaharibika. Basi lori kongwe la petroli likitetemeka, litazameni kabla ya msimu, wala msikimbilie kununua injini.

Zimeni injini, chomoeni waya wa plagi moja, ncha yake igusishwe chuma cha injini. Kisha washeni na msikilize. Fanyeni hivyo kwa kila silinda. Mtetemeko ukizidi, silinda hiyo ni nzima. Usipobadilika, hapo ndipo penye ila. Badilishaneni plagi yake na ya silinda nzima. Ila ikihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Isipohama, jaribuni waya mwingine. Kisha fundi apime mgandamizo, huenda ringi au vali zimekwisha.

Bei ya plagi si bei ya injini.

Wassalaam,
Katibu