Masi si tere: waya ya njano na kijani isitolewe

Kanisani, kwenye harusi, hata kwenye studio ndogo ya redio, kelele ile inajulikana: ampli na mikseri zinawashwa, na bafle zinaanza kunguruma "mmmm" bila kukoma. Fundi mwenye haraka anafungua fishi ya ampli, anatoa waya ya njano na kijani, anafunga tena. Kelele inaisha, watu wanafurahi. Kumbe ametoa kitu chenye kilikuwa kinalinda maisha ya muimbaji.

Shida inaanzia kwa jina. Wengi wetu tunasema "masi" ao "tere" kama vile ni kitu kimoja. Ni vitu vitatu, na ku mchoro wa mafundi kila kimoja kina alama yake.

Masi ya signali ni mstari wa volti 0 ndani ya chombo, pahali pa kuanzia kupima. Redio ya pile iko nayo na inaimba muzuri, bila waya hata moja kugusa udongo.

Masi ya kasha ni chuma chenyewe. Angalia pikipiki: upande wa hasi wa bateri umefungwa ku chuma, taa inapewa waya moja tu, na kuran inarudi kupitia chuma hicho. Matairi ni mpira. Hakuna tere hapo.

Tere ni ingine kabisa: waya inayofika kweli mu udongo. Haisaidii muziki. Kazi yake inaonekana siku faze inachubuka ndani ya ampli na kugusa kasha. Bila tere, kasha inabaki na volti 220, na nyuzi za gitaa pia, sababu zimeungwa na masi. Mwenye kushika gitaa na kugusa mikro kwa mdomo, njo yeye anafunga njia.

Lakini fimbo ya shaba peke yake haitoshi, na hapa wengi hawapigi hesabu. Kama rezistansi ya fimbo ni ohm 50, volti 220 zinapitisha ampere 4,4 tu. Disjonkteri ya ampere 16 haitasikia kitu. Inatakiwa ile ya diferansieli ya miliampere 30, yenye inakata ikiona kuran inatoroka. Goma ni ngumu zaidi: jiwe la volkeno likikauka halipitishi umeme muzuri, na fimbo yenyewe haiingii. Huko afadhali kuzika waya ndefu ya shaba pahali penye udongo wa unyevu, kiisha kupima. Wengine wanafunga tere ku netre ndani ya prize. Hapana! Netre ikikatika kule nyuma, makasha yote yanapata umeme.

Na ile kelele? Ampli iko kwenye prize moja, mikseri kwenye ingine ya mbali, kila moja na tere yake, na kebo ya sauti inaziunga tena kupitia masi. Inakuwa duara, na kuran ndogo ya hertz 50 inazunguka humo. Chomeka zote mbili ku ralonge moja yenye tere nzima. Kama bado inanguruma, weka katikati ya kebo kisanduku chenye transfo ya sauti: hicho kinakata masi ya kebo, na tere inabaki pahali pake.