NILILETA PIZZA YA ZANZIBAR ITIRYO, MTAJI UKAKARIBIA KUKATA

Leo nawaletea hesabu ya biashara iliyoniumiza, ili wewe isikuumize.

Nina duka dogo hapa Itiryo, Tarime. Nauza unga, sukari, sabuni, vocha, vitu vya kawaida. Mwaka jana niliamua kuongeza kijiwe cha chakula mbele ya duka, na chakula nilichochagua ni pizza ya Zanzibar. Najua kuna mtu ameshaanza kucheka. Cheka tu, ila soma mpaka mwisho, maana kosa langu wengi wetu tunalifanya kwenye nguo, viatu na hata vipodozi. Tunaleta tunachokipenda sisi, halafu tunamlaumu mteja.

Nilivyoipenda

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa Zanzibar miezi michache, nikifanya kazi ya saidia fundi. Jioni tukilipwa tulikuwa tunashuka Forodhani, pale bustanini karibu na bahari. Kama hujawahi kuiona pizza ya pale, usifikirie ile ya kwenye matangazo. Haiingii kwenye tanuri. Jamaa anachukua donge la unga wa ngano, analitandaza mpaka linakuwa jembamba kama karatasi, katikati anaweka kipande kingine kidogo cha unga ili chini pasitoboke. Juu yake nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho, mayonezi, jibini, kisha anapasua yai. Anachanganya hapo hapo, anakunja pande nne inakuwa kama bahasha, anakaanga kwenye chuma bapa chenye mafuta. Wapo wanaotaka tamu, hao wanawekewa ndizi, embe au chokoleti.

Ile ladha ilinikaa kichwani miaka. Nikajiambia, nikirudi nyumbani hii nitaiuza, maana kwetu haipo. Sikia hilo neno: "haipo". Nililiona kama fursa. Sikujiuliza kwa nini haipo.

Wiki tatu za moto

Nilikopa 200,000 kwenye kikoba. Chuma cha kukaangia na jiko la mkaa vilikula 70,000, iliyobaki ikaenda kwenye malighafi. Jibini na mayonezi niliagiza Tarime mjini.

Pizza moja ilinigharimu hivi: unga na mafuta 350, nyama 700, yai 400, jibini 500, mayonezi 200, mboga 100, mkaa 100. Jumla 2,350. Nikauza 3,000. Kwenye daftari faida ni 650 kwa kila moja, safi kabisa.

Siku ya kwanza niliuza 11. Nilifurahi, kumbe wengi walikuwa marafiki zangu, wamekuja kuniunga mkono. Siku ya tatu niliuza 2. Nyama niliyokwisha kuipika ikabaki, nikala mimi na majirani. Mara umeme ukakatika usiku mzima, mayonezi iliyofunguliwa nikaogopa kumpa mtu, nikaimwaga. Faida ya kitu kisichouzika ni sifuri, hata kama kwenye daftari umeandika 650.

Siku moja akaja mzee mmoja ninayemheshimu sana. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mura. Hiki ni nini?" Nikamweleza vilivyomo: nyama, yai, chizi... Akanikatisha. "Chizi? Mnaweka chizi kwenye chakula?" Kijiwe kizima kikacheka. Nikamkatia kipande aonje bure. Akatafuna taratibu, akasema, "Si kibaya. Lakini kwa elfu tatu nakula ugali na nyama, nashiba mpaka jioni." Akanunua sabuni, akaondoka.

Moyoni nilikasirika. Nikasema hawa watu hawajui vitu vizuri. Ndugu yangu mfanyabiashara, ukijisikia unasema hivyo kuhusu wateja wako, jua umeshaanza kufilisika.

"Unampikia nani?"

Wiki ya tatu sikuwa na marejesho. Kikoba chetu tunakutana kila wiki, tunajuana, hakuna pa kujificha, na aliyenidhamini ni dada yangu. Nikasimama mbele ya watu nikaomba wiki moja. Mama anayetuongoza akasema, "Wiki nakupa, mwanangu. Lakini nikuulize, kile chakula unampikia nani?"

Nikakosa jibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa najipikia mimi, yule kijana wa Forodhani mwenye hela ya siku mfukoni.

Usiku ule sikulala. Nikashika simu, nikaanza kusoma pizza ilitoka wapi na ilifikaje kila mahali. Nilichokuta kilinifungua macho.

Pizza inayojulikana dunia nzima asili yake ni Napoli, Italia. Ya kwao ni nyepesi: unga, nyanya, jibini, inaingia kwenye tanuri la kuni lenye moto mkali, dakika moja na kidogo imeiva. Ufundi wao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017. Lakini ilipovuka bahari na wahamiaji kwenda Marekani, haikubaki vile. New York wanafanya kubwa na nyembamba, wanauza kipande kimoja kimoja, mtu anakikunja anakula huku anatembea. Chicago wao wanapika kwenye sufuria yenye kina, nene, unakula kwa uma na kisu. Detroit inakuwa ya pembe nne. Ile yenye nanasi wanayoiita ya Hawaii haikutoka Hawaii, ilianzia Kanada mwaka 1962, na aliyeianzisha ni Sam Panopoulos, mhamiaji kutoka Ugiriki. Mpaka leo watu wanagombana kama nanasi linafaa kuwekwa kwenye pizza. Mwaka 2017 rais wa Iceland alitania kwamba angekuwa na uwezo angelipiga marufuku, dunia ikawaka. Lakini wauzaji wanaendelea kuiuza, kwa sababu kuna watu wanaitaka.

Nikaja kwetu Afrika Mashariki, nikakuta ni yale yale. Pizza ya Zanzibar ina ndugu zake. Mombasa kuna mkate wa mayai, unga mwembamba umekunjwa na nyama ya kusaga na mayai ndani. Yemen na Saudia kuna mutabbaq, neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kilichokunjwa. Malaysia na Indonesia wanaita murtabak au martabak. Chapati nayo hivyo hivyo. Uganda wameiviringishia mayai na kabichi na nyanya, wakaiita rolex, ambayo ni maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyoviringishwa, yakisemwa haraka haraka. Wenye njaa zaidi wanaikatakata kwenye maharage, inaitwa kikomando. Ukivuka hapa Sirari ukaingia Kenya, utakuta chapati na maharage wanaita chapo madondo. Dar es Salaam wao wanamiminia mayai kwenye chipsi, zege hilo.

Nikaona kitu kimoja. Kila mahali kile cha chini kinabaki: unga, moto, na mteja anaona chakula chake kikipikwa. Kinachobadilika ni vilivyomo ndani, ukubwa na bei, na vyote vitatu vinafuata anayekula anatoka wapi na ana shilingi ngapi. Hata Wazanzibari hawakuwasubiri watu wa Napoli wawape ruhusa. Sasa mimi nani niwalazimishe watu wa Itiryo kula kama Forodhani?

Nilivyobadilisha

Asubuhi nilichukua daftari jipya. Siku nne nikauliza kila anayekuja dukani swali moja tu: "Ukiwa na njaa saa nne asubuhi, unatamani kula nini, na una shilingi ngapi?" Majibu yalikuja ya aina tatu.

Vijana wa bodaboda walitaka kitu kizito kisichozidi 1,500, cha kushika mkononi. Kina mama walitaka kitu cha kubebea watoto, laini, bila pilipili. Wanafunzi walikuwa na 500 tu.

Nikaondoa jibini na mayonezi. Nikaongeza kabichi na karoti, nyama nikapunguza. Sasa gharama ni unga na mafuta 300, yai 400, nyama 250, mboga 100, mkaa 100. Jumla 1,150, nauza 1,500, faida 350. Ndogo kuliko 650, lakini inaingia kweli. Bodaboda mmoja alitaka yai mbili na pilipili nyingi, anaongeza 500. Mwingine hataki hoho hata harufu. Nawapa wote wanavyotaka, maana ndani yake naijaza nikishaagizwa.

Wanafunzi niliwatengenezea nusu yake, mboga tupu, 500.

Halafu nikakosea tena. Nilisema watu wa huku hawapendi vya utamu, nikafuta kabisa ile ya ndizi. Binti mmoja akaja na ndizi zake mbili mbivu kutoka shambani, akaniambia, "Kaka, niwekee hizi." Nikamwekea na sukari kidogo. Akala nusu, nusu akampelekea bibi yake. Kesho yake bibi akatuma mtu. Ndugu zangu, Tarime ndizi zimejaa, na mimi nilikuwa naagiza jibini mjini! Hesabu yake: unga na mafuta 300, ndizi 100, sukari 50, mkaa 100. Jumla 550, nauza 1,000, faida 450. Pizza yangu ya bei ya chini ina faida kubwa kuliko ile yenye nyama. Inatoka zaidi siku za ibada watu wakirudi nyumbani, Jumamosi kwa Wasabato na Jumapili kwa wengine.

Jina nalo nimelibadilisha. Neno pizza lilikuwa linawatisha watu, wanadhani ni kitu cha ghali. Nimeandika kwenye ubao "CHAPATI YA KUJAZA". Chakula ni kile kile, foleni ndiyo imebadilika.

Mkopo wa kikoba niliumaliza kwa kuchelewa mwezi mmoja, na faini nikalipa. Dada yangu hakunisemesha vizuri kwa muda, na alikuwa na haki. Sasa hivi siku ya kawaida nauza kati ya 25 na 30, siku ya gulio zaidi ya hapo.

Chukua haya uondoke nayo

1. "Huku haipo" si sababu ya kutosha. Jiulize kwanza kwa nini haipo: bei, ladha, au hakuna aliyejaribu?

2. Wateja wa siku ya kwanza usiwahesabu. Ni marafiki na wadadisi. Hesabu wanaorudi mara ya pili.

3. Bei yako linganisha na kile mteja anachokula sasa. Mimi nilidhani nashindana na wauza chipsi, kumbe nilikuwa nashindana na ugali.

4. Tenganisha kisichobadilika na kinachobadilika. Mimi ukandaji wa unga na usafi sigusi. Vilivyomo ndani anaamua mteja.

5. Anza na malighafi ya hapo ulipo. Haikai njiani, haihitaji friji, na ikiisha unaipata jirani.

6. Usisemee ladha ya mteja, hata ndani ya kijiji kimoja. Mwenzako anapenda pilipili, mwingine anapenda ndizi. Uliza, andika, jaribu kidogo kidogo.

7. Mkopo usiutumie wote kwenye kitu ambacho hujakijaribu. Ningepika kumi tu kwa hela yangu ya duka, nikauza, nikasikiliza, nisingemtia dada yangu aibu.

Na mimi? Bado naipenda ile ya Forodhani, yenye jibini na mayonezi. Nikienda Tarime mjini nanunua kipakiti kimoja cha jibini, jioni nikishafunga duka najikaangia moja, nakaa kwenye kreti la soda nakula taratibu. Hiyo ni yangu, siiuzi.

Juzi yule mzee alipita tena. Akaagiza yai mbili, pilipili kwa mbali. Nikamuuliza, "Mzee, niongeze chizi?" Akacheka, akasema, "Mura, chizi mmoja anatosha hapa, na ndiye anayepika."

Wewe ni bidhaa gani ulileta kwa kuipenda mwenyewe ikakudodea? Tuambie ulifanyaje, tujifunze wote. Na kama una mwenzako anataka kufungua biashara ya chakula mwezi huu, mtumie asome kabla hajakopa.