MBWA WA JIRANI ASIYEFUNGWA: TUFANYE NINI?

Wengi wenu mnaokaa mitaani hapa Bujumbura, huko Kinama, Buterere, Kamenge, Buyenzi na kwingineko, mmetuuliza juu ya mbwa wa majirani wanaoachwa kutembea ovyo. Mtoto anaogopa kwenda bombani kuteka maji. Mama anayetoka sokoni jioni anazunguka njia ndefu. Na kila mmoja anajiuliza: mimi ni mkimbizi, nitamwambiaje mwenyeji afunge mbwa wake? Ndugu zetu wa Musasa, Gasorwe, Bwagiriza, Kavumu, Nyankanda na Musenyi, mbwa huingia hata kambini, kwa hiyo karatasi hii ni yenu pia.

Jirani yako anafuga mbwa kwa sababu ya wezi. Hakumleta kwa ajili yako. Mara nyingi mbwa huyo hapewi chakula cha kutosha, naye hutoka kutafuta kwenye takataka, na huko ndiko anakokutana na mbwa wengine, pengine wagonjwa. Ukilijua hilo, utajua pia namna ya kusema.

Nenda mchana, jirani akiwa ametulia. Nenda na mzee mmoja au mama mmoja anayemfahamu, si kundi la watu. Kama hujui Kirundi vizuri, chukua mtu anayekijua; Buyenzi na Bwiza Kiswahili kinatosha. Msalimie, ulizeni habari za nyumbani, ndipo useme juu ya watoto: kwamba wanapita hapo asubuhi wakienda shuleni, na unaomba mbwa afungwe saa hizo, afunguliwe usiku lango likiwa limefungwa. Uliza kwa upole kama mbwa amechanjwa na kama ana karte ya chanjo. Usianze na neno polisi. Ukiweza kumsaidia kuziba tundu la uzio kwa miti au bati la zamani, fanya hivyo, maana saa moja ya kazi hupatanisha kuliko maneno mengi.

Asiposikia, nenda kwa nyumbakumi, kisha kwa chifu wa mtaa. Wako pia wazee wa usuluhishi, wale wanaoitwa abashingantahe. Mkimbizi ana haki ya kupeleka neno lake kwao kama jirani mwingine yeyote. Kambini, pelekeni neno kwa kamati ya wakimbizi. Jueni pia kwamba sheria ya zamani ya Kongo ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo Burundi nayo iliirithi kwa Wabelgiji, inasema mwenye mnyama ndiye anayejibu kwa hasara iliyoletwa na mnyama wake, hata kama mnyama alitoroka. Si jambo jipya, wala si wakimbizi walioligundua.

Sasa tuseme wazi juu ya sumu. Wako wanaotupa nyama yenye sumu njiani usiku. Tunawaomba sana msifanye hivyo. Nyama ile huokotwa na mtoto, au na kuku wa mtu, na asubuhi mkimbizi ndiye wa kwanza kushukiwa. Tena iko sababu nyingine ambayo wengi hawaijui, tutaieleza hapa chini.

Wafundisheni watoto. Mbwa akikujia, usikimbie, maana mbwa hufuata kinachokimbia. Simama kama mti, mikono chini, usimtazame machoni, kisha rudi nyuma polepole. Ukianguka, jikunje, ficha shingo na uso kwa mikono. Mbwa anayekula, au mwenye watoto wachanga, asiguswe kabisa, hata akiwa mbwa wa nyumbani kwenu.

Hatari kubwa kuliko meno ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao waganga wa hapa huuita kwa Kifaransa la rage. Duniani unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliumwa na mbwa. Kati ya kila wagonjwa 10, karibu 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Mbwa mwenye ugonjwa hubadilika: aliyekuwa mpole huuma ovyo, mate humtoka, sauti yake hubadilika, miguu hulegea. Lakini mwingine hunyamaza tu na kujificha, na huyo hudanganya watu. Kwa mtu, ugonjwa kwa kawaida hukaa kimya miezi miwili au mitatu, pengine zaidi. Dalili zikisha kuonekana, karibu hakuna anayepona. Sindano zikitolewa mapema, ugonjwa hauji. Louis Pasteur alianza kazi hiyo kule Ufaransa mwaka 1885, akimtibu mtoto wa miaka 9, naye alipona.

Kwa hiyo mtu akiumwa, au akikwaruzwa, au mbwa akiramba kidonda chake, osha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima. Tunajua maji ni shida. Azimeni kwa majirani, hili haliwezi kungoja. Sabuni yoyote inafaa. Msipake mafuta ya gari, pilipili, wala nywele za mbwa zilizochomwa. Jiwe jeusi tunalolifahamu kwa nyoka halisaidii hapa. Kisha kituo cha afya siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Kama hakuna chanjo, omba barua ya kupelekwa hospitali, wala usikubali kurudi nyumbani kungoja.

Na mbwa? Asiuawe, ikiwezekana kumfunga bila kuumwa tena. Afungwe siku 10, apewe maji na chakula, daktari wa mifugo ajulishwe. Akiwa mzima baada ya siku hizo, basi siku alipouma hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza, na mganga anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Mbwa aliyepewa sumu hawezi kutuonyesha neno hilo. Lakini sindano zianze mara moja, wala zisingoje siku 10.

Wazazi, neno moja. Watoto wengi huficha jeraha kwa kuogopa kupigwa, kwa sababu walikatazwa kucheza na mbwa. Mwambieni mtoto leo, kabla ya jambo kutokea, kwamba akiumwa aseme na hatapigwa.

Sindano hutolewa zaidi ya mara moja, kwa siku zilizoandikwa kwenye karatasi yako. Familia nyingine huhamishwa kutoka Bujumbura kwenda kambini katikati ya siku hizo. Ikiwa ni hivyo kwako, onyesha karatasi kwa wahudumu kabla ya kupanda gari, uitunze pamoja na vyeti vyako, na siku ya kufika kambini uipeleke kwanza kwenye kituo cha afya.