Mama Anayelea Watoto Wetu, na Watoto Wake Mwenyewe



Katika kambi nyingi za chai na miwa hapa Uganda yuko mama ambaye hahesabiwi siku ya kuhesabu wafanyakazi. Hana mnyapara, wala jina lake halimo katika daftari la karani. Lakini siku akifunga mlango wake, chai haichumwi, kwa maana watoto wa wachumaji huwa kwake tangu alfajiri. Leo twataka kusema habari zake, na zaidi habari za watoto wake.

Twamjua mmoja katika kambi upande wa Toro, ambako chai bado yachumwa kwa mkono. Ana chumba kimoja na baraza. Watoto wake ni watatu, wa watu wengine ni saba. Saa kumi na mbili asubuhi waletwa, kila mmoja na chupa yake ya uji. Siku tuliyofika, mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa akilia kwa sababu mapaja ya mama yalikuwa na watoto wawili wa wenziwe. Mama akamkemea huyo wake. Tulipomwuliza sababu, alitujibu kwamba akimkemea wa mwenziwe, jioni ataulizwa. Wa kwake hakuna wa kumwulizia. Hata kikombe kikiwa kimoja, wa kwake hunywa mwisho.

Lililotushtua zaidi ni binti yake mkubwa. Elimu ya msingi bila karo ilianza mwaka 1997, na shule ya serikali haiko mbali na kambi. Hata hivyo tulimkuta Jumanne, saa nne, amebeba mtoto wa mtu mgongoni. Mama alikuwa amempeleka mdogo wake zahanati, ana homa. Nani angebaki na wale saba? Majirani walituambia kwamba haipiti wiki asikose siku moja au mbili. Basi sisi twalelewa watoto kwa bei rahisi, na kinachopungua katika bei hiyo analipa binti yule kwa masomo yake.

Hapa hatuwezi kumnyoshea kidole tajiri peke yake. Sisi wenyewe tulipata kumwachia mtoto wetu mama kama huyo. Mwezi mmoja mshahara ulichelewa. Ulipokuja tukalipa kwanza deni la duka, yeye tukamwambia angoje. Akaendelea kumpikia mtoto wetu uji kwa unga wa watoto wake. Tulipojua tuliona haya sana. Mtu wa chama adai mshahara kwa wakati, naye amchelewesha mwenziwe!

Tajiri naye ana lake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yampa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa juma, hayo ni majuma kumi tu. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto anyonye maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi sita. Hapo katikati nani yupo naye? Ni yule mama wa barazani, na chupa ya uji. Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wataka huduma za kulea watoto ziendelezwe. Kwa hiyo kudai nyumba ya watoto karibu na shamba, na walezi wenye mshahara, si kuomba sadaka.

Wakati madai hayo yanaendelea, wachumaji wa kambi ile wamekubaliana kumlipa mlezi siku ileile ya mshahara, kabla ya duka. Kila mzazi ataongeza kidogo ili bibi mmoja wa kambini amsaidie. Juu ya mtoto mgonjwa walibishana mpaka giza likaingia: mama akibaki naye nyumbani hukosa kilo za siku hiyo, akimpeleka kwa mlezi aweza kuwaambukiza wengine. Jambo hilo litarudi mkutanoni mwisho wa mwezi. Binti yule sasa aenda shule, ila siku ya soko bado hukosa.